Siku Jina Lako Liliposomwa Nyakitonto

Mpendwa Baba Neema,

Watu wakiandika barua huanza kwa kuuliza hali. Yako siwezi kuiuliza, kwa hiyo nitakueleza yetu. Tupo. Mama yako yupo, ingawa magoti yamemkatalia kabisa na sasa anapalilia maharage akiwa ameketi chini, anajisogeza kutoka shina hadi shina, na ukimwambia apumzike anakuuliza kama umeona mtu mwingine wa kuyapalilia. Neema yuko darasa la sita. Ndayisaba, ambaye hukumwona, ana miaka minne na kila mvua zikianza anakohoa. Mimi nimekaa nyuma ya nyumba, juu ya kinu kilichopasuka, naandika kwenye daftari la hesabu la Neema kwa sababu karatasi nyingine hapa nyumbani hakuna.

Nimechoka, Baba Neema. Nakwambia mapema ili usije ukaona mwandiko umelala ukadhani ninaumwa.

Leo ni siku ya tatu tangu watu watawanyike hapa uani. Walikuja kukulilia. Nitafika huko, lakini kuna mambo mengine nataka tuyakumbuke kwanza, maana sina mtu mwingine wa kuyakumbuka naye. Yale ya wawili, mmoja akiondoka, anayebaki huanza kujiuliza kama kweli yalitokea.

Unakumbuka soko la Kasulu? Mimi nilikuwa nimetoka Titye na shangazi yangu, tumeleta unga wa muhogo. Wewe ulikuwa na madumu mawili ya asali, umechuchumaa kando ya wauza mawese, umevaa shati limeungua mkono kwa moto wa kurinia. Nikasimama nikakwambia, "Hii umechanganya na sukari."

"Onja."

"Nikionja utanilazimisha kununua."

"Nikikulazimisha, niite mwizi mbele ya soko zima."

Nikaonja. Nikakuta kitu kinanikwaruza ulimi, nikakitoa kwa kidole. "Kuna mguu wa nyuki humu."

"Basi umepata jibu," ukasema. "Sukari haina miguu."

Nilicheka mpaka shangazi akanifinya. Njia nzima ya kurudi Titye alikuwa ananiambia yule ni Mrundi, mkimbizi, leo yupo, kesho hayupo. Baba yangu naye, ulipokuja kujitambulisha, alikuuliza kwenu ni wapi. Ulijibu kwa adabu, huku umeinamisha kichwa: "Kwetu ni Nyakitonto, mzee. Nilifika nina miaka sita, nimeshika nguo ya mama." Baba akasema lugha yenu na yetu ni ileile, mtaelewana. Ndivyo alivyokubali, na mpaka anakufa hakuwahi kusema lolote baya juu yako.

Miaka yetu ile ilikuwa mizuri. Siwezi kuipamba, maana tulikuwa na shida kama watu wote, na kuna msimu tulikula mihogo mitupu miezi miwili. Lakini ulikuwa ukienda porini kwenye mizinga, wiki mbili, wiki tatu, unarudi umevimba uso, na Neema anakimbilia mlangoni kukucheka. Ulikuwa unakaa kwenye kigoda, mama yako anakuchomoa miiba ya nyuki kwa kucha huku akikugombeza kama mtoto mdogo. Nilikuwa napenda kuwaangalia. Nilijua kwamba wewe ndiwe pekee uliyembakia.

Habari za baba yako hukunisimulia. Alinisimulia yeye, siku moja tukimenya ndizi. Aliniambia kwamba mwaka ule wa sabini na mbili walipokuwa wanakimbia, mumewe, Barampama, alikumbuka jembe. Akasema, "Tangulieni, nalichukua, nitawakuta mtoni." Wakamngoja mtoni hadi watu wakawavuta kwa nguvu. Aliponimalizia hadithi hiyo akaendelea kumenya. Nikamuuliza, "Mlimlilia, mama?" Akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Tumlilie ametuambia amekufa?"

Sikuelewa wakati ule. Sasa naelewa zaidi ya ninavyotaka.

Kisha ukaja mwaka wa tisini na tatu na Warundi wakaanza tena kumiminika, wanakimbia mauaji ya kwao. Barabara ya Kibondo ilijaa watu na magodoro na mbuzi. Ulipanda baiskeli ukaenda kambini kutafuta ukoo wenu, ukakaa siku tano. Ulimkuta shangazi yako, dada yake baba, ana mtoto wa mtu mwingine mgongoni. Alikutajia mmoja mmoja wale waliobaki kule kilimani kwenu na jinsi walivyobaki. Siku ya tatu tangu urudi, unakumbuka, nilikuwa nakuna mihogo, ukasema bila kunitazama, "Wao wanachinjwa, mimi narina asali."

Nikakujibu vibaya. Nikasema, "Ungetaka uchinjwe na wewe?"

Nimelirudia jibu hilo kichwani mara nyingi sana. Kama ningekaa karibu yako nikanyamaza tu, labda ungelia, na labda kilio kingetosha. Sijui. Watu huniambia usijilaumu, na mimi nawaitikia kwa sababu kubishana kunachosha.

Wakaja wale vijana watatu waliovaa mabuti ya mvua. Walisema wanatafuta asali, lakini hawakuwa na chombo. Mlikaa chini ya mgomba mchana kutwa. Baada ya wiki moja ukaniambia unakwenda porini kurina. Ulipoondoka niliingia ndani nikaona kamba yako ya kupandia bado inaning'inia ukutani. Mrina asali haendi porini bila kamba. Nilisimama pale naitazama. Ulikuwa hujafika hata kwenye daraja. Ningepiga kelele ungesikia. Sikupiga. Nilijiambia utakumbuka mwenyewe utarudi kuichukua.

Watu tuliwaambia umeenda Urambo kufanya vibarua vya tumbaku. Wote wakasema ndiyo, tumbaku inalipa siku hizi. Kila mtu alijua, Baba Neema. Nyumba nyingi zilikuwa na mtu aliyekwenda Urambo mwaka ule.

Ulirudi baada ya miezi minane, saa saba usiku, mvua inanyesha kiasi kwamba hata mbwa hakubweka. Nilidhani ni mtu mwingine. Ulikuwa umekonda hadi masikio yameonekana makubwa, umevaa mabuti ambayo si saizi yako. Neema alikukimbia. Mama yako alikuosha miguu kwenye karai, na hakukugombeza, nikajua kwamba na yeye anaogopa.

Siku zile tatu ulikaa umeegemeza mgongo ukutani, hata wakati wa kula. Nilikuuliza siku ya pili, tulipokuwa wawili tu.

"Una hasira bado?"

"Nilidhani nitakuwa nayo muda wote," ukasema. "Iliisha mwezi wa kwanza."

"Basi baki."

"Siwezi."

"Nani anakulazimisha?"

"Hakuna. Kuna watu nimelala nao shimo moja. Wakiamka wanihesabu wasinione, wataenda hivyohivyo wakiwa pungufu."

"Na sisi hapa tukijihesabu?"

Nikakuuliza jambo jingine, ambalo hadi leo sijui kwa nini nilitaka kulijua. Nikasema, "Umeua mtu?" Ukaomba maji ya kunywa. Nikakuletea, ukanywa kikombe chote, na mimi sikuuliza tena. Lakini tangu siku hiyo namfikiria mwanamke mmoja ambaye simjui, yuko upande ule mwingine, mumewe alivaa sare akaondoka. Huenda naye anaandika barua. Sina chuki naye. Mara nyingine nikitwanga ninajiuliza kama naye ameambiwa ukweli.

Safari hii uliaga. Ulimpigia mama yako magoti, naye akaweka kiganja kichwani pako, akachukua jembe akaenda shambani ingawa udongo ulikuwa tope tupu. Mimi nilikusindikiza hadi kwenye mikaratusi. Ulisema, "Mtunze mama." Nikasema, "Na mimi atanitunza nani?" Ukacheka kidogo. Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho, na nasikitika kwamba hayakuwa bora kuliko hayo.

Kisha tumbo likaanza kuonekana. Hapo ndipo nilipokuchukia, nisikufiche. Wewe ulikuwa Urambo, si ndivyo tulivyosema? Wanawake kisimani walikuwa wakiniona wananyamaza, kisha nikigeuka wanaendelea. Mmoja akaniuliza waziwazi, "Mama Neema, Baba Neema karudi lini?" Nikajaza ndoo yangu nikaondoka. Kusema ulikuja ni kukuweka hatarini wewe na nyumba nzima, maana maneno yalikuwa yameshaanza kwamba Warundi wanaoishi vijijini watakusanywa wapelekwe kambini, na mama yako ana karatasi moja tu ya zamani iliyokunjwa mpaka maandishi yamefutika.

Siku iliyofuata mama yako alichukua ndoo akasema anakwenda kisimani mwenyewe. Wakati ule magoti bado yalikuwa yanamruhusu. Nikamfuata. Alifika akaweka ndoo chini, akawasalimia wote mmoja mmoja, "Mwakeye, mwakeye," kisha akasema, "Mwanangu alikuja. Alikaa siku tatu. Mimba hii ni yake. Nani anataka kuniuliza zaidi?"

Yule mwanamke wa jana akamsaidia kujitwika ndoo.

Mtoto alipozaliwa yeye ndiye aliyempa jina, Ndayisaba, kwamba anamwomba Mungu. Hakusema anamwomba nini.

Na wewe ulikuwa bado hai wakati huo. Nimehesabu. Mtoto alikuwa anaanza kukaa mwenyewe ulipokufa.

Gervasi ndiye aliyetuletea habari. Mwenzako yule mfupi, mmoja wa wale watatu wa mabuti. Alikuja asubuhi, jua limeshapanda, anatembelea fimbo, mguu wa kushoto unaburuta. Mimi nilikuwa naanika muhogo. Nilipomwona yuko peke yake nilikaa chini pale pale juu ya muhogo wangu. Mama yako akatoka ndani akamkaribisha kigoda, akamletea maji, kama mgeni yeyote. Akamwacha anywe. Kisha akasema, "Haya."

Gervasi alisema ulipigwa risasi mlipokuwa mnavuka mto. Alisema ulikufa papo hapo, hukuumia.

"Mlimzika?" mama yako akauliza.

"Tulimzika, mama."

"Wapi?"

"Juu kidogo ya mto. Chini ya mti."

"Mti gani?"

Gervasi akatazama fimbo yake. "Mti mkubwa."

"Mkaratusi? Mvumu? Mwembe?"

"Mti tu, mama."

Mtu aliyelelewa na jembe hawezi kuchimba kaburi chini ya mti asijue ni mti gani, mizizi yake ingemwambia. Mama yako akainuka akaenda kupukuchua mahindi. Nilipoanza kulia akanipigia kelele kutoka kule jikoni: "Nyamaza! Hakuna msiba hapa. Hakuna aliyemzika mtu."

Kwa hiyo hatukukaa matanga. Hakuna ikiriyo, ile mikesha ya msiba ya kwenu, hakuna aliyekuja kulala nasi, hatukunyoa nywele. Majirani walisikia, lakini utaendaje kwenye msiba ambao wenyewe wanasema haupo? Wakawa wanatusalimia kwa sauti ya chini kuliko kawaida. Niliendelea kulima. Mama yako aliendelea kukuwekea kando kipande cha ugali kila jioni, na asubuhi anampa kuku. Miaka mitatu. Nadhani kilichonichosha si kilio, ni kutokulia.

Kila Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, watu kanisani kwetu hupeleka majina kwa katekista yasomwe. Jina lako halikuwamo. Mimi nilikuwa nakaa benchi la nyuma, yanasomwa majina ya babu za watu waliokufa wana miaka tisini, na mimi nakusema kimoyomoyo, kwa kujificha, kama mtu anayeiba.

Sasa hili sijamwambia mtu yeyote. Mwaka jana nilikwenda Kasulu kupeleka maharage, nikamwona Gervasi. Anatengeneza baiskeli karibu na soko. Aliponiona akaingia uchochoroni. Nikamfuata. Nilikuwa nimechoka kuona watu wakinikwepa kwa sababu yako. Nikamkuta amesimama ameelekea ukuta, mikono yote ina grisi.

Nikamwambia, "Shemeji, niambie mti gani."

"Hakuna mti," akasema. "Alipigwa pajani. Nilimbeba. Walikuwa wanatufuata, Mama Neema, nilikuwa nawasikia wanavyoitana. Alikuwa ananiambia, 'Gervasi, usinishushe.' Alisema mara nyingi. Na mimi nikamshusha."

"Alikuwa hai?"

"Alikuwa hai."

Nilikuwa nimejiandaa miaka mingi kwa ajili ya siku nitakapomjua mtu wa kumkasirikia. Nikatafuta ile hasira nikaikosa. Nilimwona tu mtu mwembamba mwenye grisi mikononi. Nikamwambia asimwambie mama. Nikapanda lori nikarudi, na ndani ya lori nilifunika uso kwa khanga, abiria wakadhani nazuia vumbi.

Nililibeba hilo peke yangu mwaka mzima. Kila mama yako alipoweka kile kipande cha ugali kando nilitaka kumwambia, nikashindwa.

Mwezi uliopita alianguka shambani. Mimi nilikuwa kwenye kinu cha mashine, watoto shuleni na kwa jirani. Alilala pale kwenye matuta kuanzia asubuhi hadi nilipomkuta saa nane, hawezi kuinuka. Nilipomwinua alikuwa na udongo mdomoni, lakini sauti yake ilikuwa tulivu kabisa.

"Mama Neema, nimemngoja Barampama miaka ishirini na saba," akasema. "Sina ishirini na saba mingine ya kumngoja mtoto. Peleka jina."

Nikaliandika kwenye karatasi. Nilipompelekea katekista, Bwana Filimoni, alilisoma akalikunja mara nne. Unamjua, si mtu mbaya, ni mwoga kama sisi sote.

"Mama Neema, nikilisoma hili watauliza alifia wapi."

"Waambie."

"Nikisema aliugua homa huko Urambo? Inatosha. Mungu anajua lililo kweli."

"Hakufa kwa homa."

"Dada yangu, unajua hali ilivyo. Unajua wanavyowachukua watu. Mama mwenyewe karatasi zake..."

"Anajua zaidi yako," nikamwambia. "Yeye ndiye aliyenituma."

Akasema atafikiria. Siku ile ilipofika tulimpeleka mama kwa baiskeli, mimi naisukuma, yeye ameshikilia kiti. Benchi haliwezi tena, tukamtandikia mkeka mbele kabisa, karibu na wanakwaya. Padre hakuwepo, ni kigango tu, Bwana Filimoni ndiye aliyeongoza. Akaanza kusoma. Ni karatasi nyingi. Nilikuwa nafuata kila jina kama mtu anayengoja kuitwa hospitali. Alipofika karatasi ya mwisho aliimaliza, akaiweka chini, akafungua kitabu cha nyimbo.

"Umeruka jina."

Ilikuwa sauti ya mama yako. Hakusimama, asingeweza. Alikuwa ameketi mkekani, miguu ameinyoosha mbele, anamtazama.

Bwana Filimoni akasema taratibu, "Mama, tuimbe kwanza..."

"Umeruka jina. Savieri Bigirimana, mwana wa Barampama. Alikwenda vitani akafa hukohuko. Soma."

Baba Neema, sijawahi kusikia kanisa lile likinyamaza hivyo. Mtoto alikuwa analia nje, na hata huyo akanyamazishwa. Bwana Filimoni akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akatoa karatasi mfukoni mwa shati, ile ile yangu, imekunjwa mara nne. Alikuwa ameibeba. Akaifungua na akakusoma kwa sauti, jina lako na la baba yako, na watu wote wakaitikia ile sala ya raha ya milele. Mama yako akaitikia pamoja nao. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiomba kwa ajili ya mumewe kama marehemu.

Hakuna aliyetangaza chochote. Tulirudi nyumbani nikawasha moto, nikifikiri mambo yameisha hivyo. Kabla maji hayajachemka akafika yule mwanamke wa kisimani na mzigo wa kuni kichwani. Akauweka chini, akatandika khanga yake uani, akakaa. Wakaja wengine. Mmoja ana maharage, mwingine ana ndoo ya maji, mwingine hana kitu ila mikono. Wanaume wakakaa upande wa mgomba. Kisha nikamwona mwenyekiti wa kitongoji anakuja na baiskeli, nikadhani amekuja kumchukua mama. Aliiegemeza ukutani, akavua kofia, akaenda kukaa na wanaume wenzake. Hakuuliza chochote. Baadaye nilisikia kwamba mdogo wa mkewe naye alikwenda Urambo.

Nikalia. Nililia mpaka nikaona aibu, na hakuna aliyenipigia kelele ninyamaze.

Siku ya pili mchana akaja Gervasi. Habari zilikuwa zimefika Kasulu. Uani palijaa, akapita katikati ya watu na fimbo yake hadi alipokuwa mama yako, akajishusha kwa shida mbele yake. Nikamtikisia kichwa, nikimwambia usiseme. Aliniona. Akasema hivyohivyo.

"Mama, sikumzika."

"Najua."

"Nilimwacha. Nilipomwacha alikuwa hai."

Hilo alikuwa halijui. Alijifunika mdomo kwa upindo wa kitenge, na mimi nikadhani tumempoteza na yeye. Watu wote walikuwa wanatazama chini. Alipotoa kitenge mdomoni sauti ilikuwa imekwisha, ikabidi tuinamie kumsikia.

"Alisema nini?"

"Aliniambia nisimshushe."

"Ulimbeba kutoka wapi?"

"Kutoka mtoni mpaka juu ya kilima."

"Na mguu huo umeshaumia?"

Gervasi akautazama mguu wake kama vile ni wa mtu mwingine. "Na mguu huu, mama."

Mama yako hakumkumbatia. Sitaki nikudanganye kwamba kulikuwa na mambo makubwa. Alinigeukia akaniita mwanangu kwa lugha yetu, akasema, "Mwana wanje, mpe chakula. Ametembea." Nikampa. Alikula amejiinamia, machozi yanaingia kwenye sahani, na mama yako akageuka upande wa pili. Hakumsemesha tena mpaka alipoondoka. Lakini alipoondoka aliuliza kama amefungiwa mihogo ya njiani.

Juzi tulinyoa nywele. Mimi nilimnyoa yeye, yeye akamnyoa Neema, Neema akaninyoa mimi na kunikata mahali pawili. Jioni nilimwangalia mama yako akipakua. Aligawa ugali wote, hakuweka kipande kando. Alitazama sufuria tupu kidogo, kisha akaimwagia maji iloweke.

Sasa nikuambie langu, kisha nikuache. Watu waliokaa hapa uani walikuita shujaa. Mzee mmoja alisema damu yako haikumwagika bure. Nilimshukuru, ni mtu mzima na alisema kwa moyo mwema. Mimi sijui kama ni bure au si bure. Vita vyenyewe bado vinaendelea, na barabarani bado wanapita watu na magodoro yao. Mimi nilikuwa na mume aliyenichekesha sokoni, na Neema akicheka hutoa sauti kama yako, na nikimsikia nainuka kutoka nilipokaa kabla sijakumbuka.

Kuondoka kwako sijakusamehe, Baba Neema. Nimejaribu, nikachoka, nimeliweka hapo. Lakini kutorudi nimekusamehe. Sasa najua kwamba ulitaka kurudi, kwamba uliomba kubebwa, na aliyekubeba alishindwa. Miaka hii yote nilikuwa nakukasirikia kwa yote mawili pamoja. Leo nakukasirikia kwa moja tu, na hilo peke yake naweza kuishi nalo.

Mvua imeanza kupiga upande wa Kasanda, naiona inavyokuja. Mama yako ananiita niingize muhogo. Lala, mume wangu, popote walipokulaza au hawakukulaza. Hapa kwetu umelazwa.

Ni mimi mkeo,
Mama Neema, mama wa Ndayisaba